Binti wa Kuni

Nyumba ya Umm Rashid, kule Al Rayyan, ilikuwa na kitu ambacho majirani walikuja kukitazama kisha wakaondoka wakicheka: boila ya kuchoma kuni, ya kuipasha nyumba joto. Doha hii hii, ambako miezi mingi ya mwaka watu hukimbia kutoka garini hadi mlangoni wasiungue nyayo. Lakini Umm Rashid alikuwa na magoti mabovu, na magoti yake hayakujali majirani walisema nini. Mwanawe Rashid alikuwa amempeleka Ulaya kutibiwa, katika mji wa milimani, na huko walilala kwenye nyumba ya wageni yenye sakafu vuguvugu kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Asubuhi yake bibi aliamka akatembea hadi mezani bila mkongojo. Aliporudi nyumbani hakuwa na hadithi nyingine. Alitaka sakafu kama ile, na bwawa dogo la maji moto la kunyooshea miguu, na alitaka vyote vipashwe kwa kuni, kwa kuwa utotoni mwake majira ya baridi yalikuwa yakinukia kuni.

Fundi mmoja Mlebanoni akaja, akaifunga boila katika kibanda cha nyuma ya nyumba, na kando yake akajenga stoo ya kuni. Alipomaliza aliuliza ni nani atakayefundishwa kuitunza. Wesley, dereva wa nyumba, Mkenya kutoka Nandi, alijisogeza kando polepole.

"Mimi niliandikwa kuendesha gari," alisema. "Hiyo mashine siwezani nayo."

Ndipo Chebet, mfanyakazi wa ndani, alipofuta mikono kwenye aproni yake akasema yeye ataweza.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Chebet alikulia Kericho, kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai, na babake alikuwa mtu wa boila pale kiwandani. Utoto wake wote aliona magogo ya mikaratusi yakipangwa uwanjani, yakigeuzwa, yakisubiriwa yakauke. Alijua kuwa kuni mbichi hula moto badala ya kuulisha. Kwa hiyo fundi alipoanza kueleza, Chebet alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mtu anayesimuliwa habari za kijiji chake.

Hata hivyo mwaka wa kwanza uliwatoa jasho. Rashid alidhani watachoma makuti ya mitende, kwani yamejaa kila shamba na hayanunuliwi. Makuti yaliwaka kwa hasira, kisha majivu yake yakayeyuka na kuganda chini ya boila kama mawe, na Chebet akashinda ameinama na chuma mkononi akiyabandua. Wakajaribu kuni za mgunga. Moto wake ulikuwa mzuri, tena wa kudumu, ila ile parafujo ndefu iliyosukuma chakula kwenda motoni haikuweza kumeza vipande vinene. Wakajaribu kokwa za zeituni, na bibi akalalamika kwamba nyumba nzima inanuka saladi. Mwisho walitua kwenye peleti, vile vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa, ambavyo Wesley aliviita chakula cha kuku.

Peleti nazo hazifanani. Chebet alijifunza kuzichagua. Aliivunja moja karibu na sikio asikie kama inalia pa, au inakatika kimya kama biskuti iliyoingia unyevu. Alitazama ngozi yake kama inang'aa. Alitumbukiza mkono hadi chini kabisa ya gunia, na ukirudi na vumbi jingi, alimrudishia muuzaji gunia lake. Alibeba hata glasi ya maji: peleti njema huzama na kusambaratika ikawa uji wa unga wa mbao, yenye takataka huelea ikikutazama.

Umm Rashid aliipenda sana shughuli hiyo. Kila walipokwenda kwenye yadi ya kuni, nje ya mji, alitaka ashushwe garini, akalie kiti cha plastiki, aletewe peleti kiganjani azivunje mwenyewe. Njiani kurudi alikuwa akinunua karak, ile chai nzito ya maziwa, wakanywa wote watatu ndani ya gari. Na jioni, sakafu ikishapata joto, Chebet aliketi chini akimkanda magoti kwa mafuta, na bibi akamwita jina alilomtungia mwenyewe: bint al-hatab. Binti wa kuni. Aliwaambia na wageni. "Huyu ndiye binti yangu wa kuni. Bila yeye ningekuwa nimeganda."

Chebet alilipokea jina hilo kwa uzito kuliko bibi alivyojua. Kule Litein alikuwa amemwachia dada yake, Peninah, mtoto wake Chelsea akiwa bado hajaota meno ya mbele. Sasa Chelsea alikuwa darasa la pili. Walizungumza kwa simu kila Ijumaa, na siku moja mtoto alipotaka kuonyeshwa mahali kiatu kilipo aligeuka akaita, "Mama," na aliyejibu alikuwa Peninah. Peninah alicheka kwa aibu akasema, "Ni mazoea tu, Chebet, usijali." Chebet akasema hajali. Usiku huo alilala akiutazama ukuta. Basi mtu aliyepoteza mahali pake upande mmoja hupashika kwa meno mahali alipopata upande mwingine, na Chebet alipashika hasa.

Hapo ndipo alipokuja Proscovia.

Mke wa Rashid ndiye aliyemleta, akisema nyumba ni kubwa na Chebet anachoka. Alikuwa Mganda wa Masaka, mdogo kwa Chebet, mwepesi wa miguu na wa kicheko. Alikuwa amefanya kazi Kuwait miaka kadhaa, kwa hiyo Kiarabu alikisema kama maji, pamoja na mizaha yake. Kiswahili alikuwa amekiokota huko huko, kwa Wakenya aliolala nao chumba kimoja. Chebet yeye alikuwa na Kiarabu cha jikoni: leta, peleka, moto, baridi, bado, tayari. Kwa miaka yote hiyo kilimtosha, kwa sababu yeye na bibi walielewana kwa mikono na macho. Proscovia hakumaliza wiki kabla ya kuanza kumsimulia Umm Rashid visa vya Kuwait, na bibi akawa anacheka hadi anafuta macho kwa ncha ya shela yake.

Chebet alikuwa jikoni. Kicheko kile kilimfikia kupitia ukuta. Aliacha kukuna karoti akasikiliza, na hakuelewa neno hata moja.

"Mnachekea nini?" alimuuliza Proscovia alipokuja kuchukua birika.

"Aa, dada, ni maneno tu ya wazee. Nikikutafsiria itapoa."

Alisema bila ubaya. Lakini Chebet aliyachukua maneno yale akayaweka mahali pa kuyaangalia tena na tena.

Kuanzia hapo alianza kuhesabu vitu ambavyo havihesabiki. Nani aliitwa kwanza bibi alipoamka. Chai ya nani ilinyweka yote. Jioni moja aliingia na chupa ya mafuta akamkuta Proscovia amekwisha kupiga magoti, anakanda, na bibi amefumba macho. "Leo pumzika, Chebet," bibi alisema kwa Kiarabu chepesi ili amwelewe. "Mikono yako imechoka." Chebet alirudi chumbani akaitazama mikono yake. Haikuwa imechoka.

Alimweleza Wesley uani, huku akijifanya anatania.

"Huyu mtoto wa Masaka ataniachia nini hapa?"

Wesley alikuwa analifuta gari kwa tambara. "Mama Chelsea, si ulikuwa unalia kazi ni nyingi? Umeletewa msaidizi. Pumua."

"Msaidizi anasaidia. Hachukui."

"Amechukua nini?"

Kila alichotaka Chebet kukitaja kilionekana kidogo mno kikitoka mdomoni.

Novemba ilipoingia bibi alianza kudai maji yake ya moto, na ikawa lazima peleti zinunuliwe. Asubuhi ya safari Chebet alivaa vizuri, akachukua glasi yake. Alipofika garini alimkuta Proscovia ameketi nyuma, karibu na Umm Rashid.

"Naye aje," bibi alisema. "Ajifunze."

Chebet akakaa mbele na Wesley. Njia nzima alisikiliza mazungumzo ya nyuma yake kama mtu aliyepanda gari la watu.

Pale yadini alianza kazi yake kama kawaida. Alivunja, akanusa, akatumbukiza mkono. Magunia ya kwanza yalikuwa ya mwaka uliopita, yamenyonya unyevu wa miezi ya joto, na alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia muuzaji hivyo. Kabla hajayapata, Proscovia alikwisha mwambia. Alimwambia kwa Kiarabu chenye sukari na pilipili, na muuzaji, mzee mwenye ndevu nyekundu kwa hina, akaangua kicheko, akawapeleka nyuma ya yadi kwenye shehena iliyokuwa imeshushwa bandarini juzi tu. Zilikuwa peleti nzuri kuliko zote ambazo Chebet amewahi kuzishika: zinang'aa, zinalia pa, zinanukia msonobari uliokatwa jana. Umm Rashid aliivunja moja akainua uso kumtazama Proscovia, na katika uso ule Chebet aliona kitu alichodhani ni chake peke yake.

Karak waliinywa njiani, wanne sasa. Chebet alisema yeye hasikii kiu.

Walipofika bibi akaagiza: Chebet amfundishe Proscovia boila, ili mmoja akienda likizo mwingine abaki. Hilo lilikuwa jambo la haki kabisa, na Chebet alilisikia kama mtu anayeambiwa afungashe.

Alimfundisha. Hakuna atakayesema hakumfundisha. Alimwonyesha kuwasha na kuzima, kutoa majivu, kusugua mabomba, kupanga magunia juu ya mbao yasiguse sakafu, yasiegemee ukuta. Alimweleza kwa nini mlango wa stoo una mpira pembeni: hewa ya Doha, upepo ukitoka baharini, ina maji ndani yake, na peleti zikiyanywa huvimba zikarudi kuwa vumbi. Siku zile kulikuwa na unyevu wa kutosha kulowesha nguo kambani, na Chebet mwenyewe alikuwa ameziba kwa kitambaa tundu la hewa lililo juu ya ukuta wa stoo, akisema ataliziba kwa wiki ile tu.

Kitu kimoja hakumwambia.

Fundi Mlebanoni alikuwa amemkalisha chini juu ya jambo hilo. Peleti, alisema, hata zikiwa zimelala tu bila moto, hutoa hewa mbaya, ile ile ya jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa, haina rangi wala harufu. Zikiwa mpya hutoa nyingi zaidi, na joto huzidisha. Kwa hiyo tundu la hewa lisizibwe kamwe, na kabla ya kuingia stoo fungua mlango, uache wazi, uende zako unywe chai, ndipo urudi. Chebet alilielewa vizuri. Nani asiyejua jiko la makaa? Kwao Kericho msimu wa mvua haukupita bila familia fulani kulala na jiko na kutoamka. Kuhusu mlango alitii siku zote. Kuhusu tundu alijipa ruhusa yake mwenyewe siku za unyevu, kwa kuwa hajawahi kuona kitu.

Proscovia alikuwa na macho. "Dada," aliuliza, "mbona unafungua halafu unaondoka? Si tungeingia tu tukatoa?"

Jibu lilikuwa hapo hapo ulimini. Chebet alimtazama yule binti, kijana, amesimama na ndoo yake kana kwamba amezaliwa nayo, akaona kwamba hiki ndicho kitu cha mwisho alichobaki nacho yeye peke yake.

"Ni mazoea yangu tu," alisema.

Hakumtakia mabaya. Baadaye alijiuliza sana juu ya hilo, na kila mara alirudi kwenye jibu lile lile: hakumtakia mabaya, alitaka tu kubaki na kitu.

Ijumaa iliyofuata Rashid na familia yake walikuwa wanakuja kula mchana. Tangu asubuhi Chebet alikuwa kwenye machbus, wali wa nyama na viungo, sufuria kubwa ya wageni. Umm Rashid naye alitaka aingie majini kabla wajukuu hawajafika kumpigia kelele. Sauti yake ilisikika kutoka sebuleni.

"Chebet ana kazi. Nenda wewe, Proscovia, kaongeze kuni." Kisha, akicheka, "Nenda, binti yangu wa kuni."

Kisu cha Chebet kilisimama juu ya kitunguu.

Alimwona Proscovia kupitia dirisha la jikoni akikatiza ua, ndoo mkononi, akiimba wimbo wa kwao. Mlango wa stoo ulikuwa haujafunguliwa tangu Jumatatu. Kitambaa kilikuwa bado tunduni. Peleti zilikuwa mpya. Yote hayo Chebet aliyajua kwa pamoja, wakati mmoja, kama mtu anavyojua jina lake. Alichotakiwa kufanya ni kufungua dirisha aseme, ngoja kwanza. Maneno mawili. Hakuyasema. Alijiambia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuingia kwa haraka akatoka salama. Alijiambia kwamba binti wa kuni atajua mwenyewe la kufanya. Akaendelea kukata kitunguu.

Wimbo uliingia stoo. Ndoo iligonga sakafu. Kwa muda wimbo ulisikika kwa mbali, umefinyika, kisha ukakatika katikati ya neno.

Chebet alingoja uendelee. Alingoja tena. Kisha kisu kilianguka na yeye alikuwa uani, miguu mitupu, akimwita Wesley kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia ikitoka kwake.

Proscovia alikuwa amelala ubavu juu ya magunia, kana kwamba amejinyoosha kidogo. Chebet alivuta pumzi nje, akaibana, akaingia, akamshika kwapani. Proscovia hakusogea. Alikuwa mzito kuliko gunia lolote. Mapafu yalipoanza kumuuma alitoka, akavuta pumzi nyingine, akarudi, na safari hii Wesley alikuwa nyuma yake akiishika miguu. Walimburuta hadi kwenye saruji ya ua, mahali penye jua na upepo. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Chebet akampigapiga mashavu akimwita kwa jina, akamwita mdogo wangu, akamwita kwa Kikalenjin, lugha ambayo Proscovia hakuijua hata chembe. Wesley alikuwa kwenye simu na ambulensi. Umm Rashid alikuwa ametoka hadi kibarazani bila mkongojo, ameshika nguzo, anasoma dua.

Proscovia alikohoa. Akafungua macho, akatapika, akasema kwa Kiganda kitu ambacho wote walidhani ni jina la mama yake.

Ambulensi ilimchukua. Hospitalini walimwekea hewa safi puani, wakamlaza. Daktari alimwambia Rashid kwamba angechelewa kutolewa kidogo tu, wangekuwa wanazungumza habari nyingine.

Nyumbani Chebet alipokelewa kama shujaa. Wesley aliisimulia hadithi kwa kila aliyefika, namna Mama Chelsea alivyojitosa mle ndani. Mke wa Rashid alimkumbatia. Umm Rashid alimwita, akamwinamisha, akambusu kichwani mbele ya wajukuu wote, machozi yakimtoka. "Umeniokolea mwanangu," alisema. "Mungu akuokolee wako."

Kwa miezi Chebet alikuwa amemtamani bibi amshike hivyo. Sasa alipewa chote, na kila busu lilikuwa kama kaa la moto juu ya ngozi. Alikwenda msalani akafungulia maji yatiririke ili asisikike.

Kesho yake fundi aliletwa. Alipanda ngazi, akakitoa kile kitambaa tunduni, akakiinua wote wakione.

"Nani aliziba?" Rashid aliuliza kwa Kiingereza.

"Mimi," Chebet alisema. "Kwa sababu ya unyevu. Nilisahau kukitoa."

Rashid alimkaripia, lakini kwa sauti ya mtu anayemkaripia aliyekosea huku akitenda mema. Fundi akafunga king'ora kidogo ukutani cha kulia hewa ikichafuka, akatoboa tundu la pili karibu na sakafu, akaondoka. Jambo likaonekana limekwisha. Chebet alikuwa amesema kweli nusu.

Proscovia alirudi baada ya siku chache, amekonda, anatembea akishika ukuta. Alifikia jikoni. Chebet alimwekea kiti, akamwekea uji.

Proscovia hakuugusa uji. "Nilikuuliza kuhusu mlango," alisema.

"Uliniuliza."

"Ukaniambia ni mazoea."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

Chebet aliketi pia. "Nilikuwa najua. Na Ijumaa nilikuona dirishani ukienda, nikanyamaza."

Proscovia alimtazama. Macho yake hayakuwa na kicheko hata kidogo, na Chebet aligundua kwamba hajawahi kuyaona hivyo. "Nina watoto wawili kwa mama yangu," Proscovia alisema polepole. "Ulijua hilo?"

Hakujua. Miezi yote ile hakuwa amemuuliza.

Kengele ya Umm Rashid ililia sebuleni. Alikuwa amesikia kwamba mgonjwa amefika. Walikwenda wote wawili. Bibi alimkalisha Proscovia karibu naye, akampapasa uso, akamshukuru Mungu. Kisha akauliza swali ambalo huenda lilikuwa likimsumbua tangu fundi alipoeleza. Akamgeukia Chebet. Je, hukumfundisha kuhusu mlango?

Chebet alitafuta maneno. Kiarabu chake cha jikoni hakikuwa na neno la kitu alichotaka kusema. Akamgeukia Proscovia.

"Mwambie kwamba nilijua nikamficha," alisema kwa Kiswahili. "Mwambie nilikuonea wivu. Kwa sababu yake. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Proscovia alikuwa akitazama sakafu. Chebet alijua uzito wa alichokiomba: neno lile likifika kwa Rashid halitakuwa tena kosa la kusahau. Litakuwa polisi, litakuwa kesi, na Chelsea atamwona mama yake kwenye simu ya nani, hakuna ajuaye.

Proscovia aliinua uso akasema na bibi, kwa kifupi. Chebet hakuelewa yote, ila neno moja alilijua vizuri, maana alikuwa akilitumia mwenyewe kila alipoacha chumvi: nisyat. Amesahau.

Umm Rashid alitikisa kichwa taratibu. Alimtazama mmoja, kisha mwingine, kwa macho ya mtu aliyelea watoto wengi, na kama aliona kitu hakukisema. "Basi usisahau tena," alimwambia Chebet.

Ukumbini, mlango ulipofungwa, Chebet alianza kusema asante. Proscovia alimkata.

"Usinishukuru, nnyabo," alisema, akitumia neno la heshima la kwao mahali pa dada. "Sikufanya kwa ajili yako. Hospitalini nimewaza sana. Wakikupeleka wewe polisi watatuhoji sote, na mimi sitaki kurudi Masaka mikono mitupu." Alishika ukuta. "Na uliingia kunitoa. Wesley ameniambia uliingia mara mbili. Hilo nalo sijui niliweke wapi."

"Mimi pia sijui," Chebet alisema.

"Nikipata nguvu utanifundisha upya. Kila kitu. Hata kile unachodhani ni kidogo."

Alimfundisha upya, na safari hii alimaliza. Proscovia aliuliza kila swali mara mbili na kulisikiliza jibu kwa shaka, na Chebet alivumilia, kwa sababu aliona ni haki. Kwa muda mrefu walizungumza habari za boila tu. Proscovia alikula chakula chake baadaye, peke yake. Ilikuwa Januari, baridi imekaza na sakafu inapashwa kutwa nzima, ndipo alipoketi tena meza moja na Chebet, na hata hapo hakusema kwa nini. Chebet alimuuliza majina ya watoto wake. Proscovia aliyataja, kisha akauliza habari za Chelsea.

Hawakuwa marafiki. Wivu nao haukuondoka kama watu wanavyodhani huondoka. Kuna jioni bibi na Proscovia waliangua kicheko kule sebuleni, na Chebet, aliyekuwa akiosha vyombo, alihisi kile kitu kikiamka, kizima kabisa. Alikisikiliza. Kisha akazima bomba, akajimiminia chai, akaenda nayo sebuleni akaketi kwenye zulia, upande wa pili wa magoti ya bibi.

"Mnachekea nini?" aliuliza kwa Kiarabu chake kibovu.

Bibi alimpisha nafasi. Proscovia alisita, akamtazama, kisha akaanza kile kisa upya, safari hii kwa maneno mepesi, akisimama kila mara kuona kama Chebet amelipata neno. Kilikuwa kisa cha mbuzi aliyepanda lifti huko Kuwait, na kweli, kilipofika mwisho hakikuchekesha sana. Chebet alicheka hata hivyo, akiwa amechelewa, na bibi akacheka kwa kuwa amechelewa.

Nje, Wesley alikuwa akishusha magunia mapya kutoka kwenye gari, akilalamika peke yake kwamba yeye aliandikwa kuendesha.